Kanuni Nne za Foleni ya Sukari

Jumamosi, 1 Machi 1980

Masika yameingia mapema. Uani kwetu maji yamefika kizingiti cha jiko, na Sofia, jirani yangu wa chumba cha kushoto, amepanga matofali ya kukanyagia kutoka mlangoni mwake hadi chooni. Mumewe ni kuli bandarini. Matofali yametoka wapi sijui, na sikuuliza.

Daftari hili nimelianza kwa ajili ya kazi. Mwezi huu ni zamu yangu kusoma makala mbele ya wenzangu wa chuoni, na nimeamua kutetea njia rasmi: kwamba wazo lolote linalostahili kuitwa wazo linaweza kuandikwa kwa alama, hatua kwa hatua, na lile lisiloandikika lina kasoro ndani yake. Theophil, ninayefundisha naye mantiki, anashikilia kinyume. Kwake yeye, mwanafalsafa aanze kwa kutazama watu wanavyosema na wanavyotenda, alama zije baadaye kama zitahitajika. Natafuta mfano kutoka maisha ya kila siku. Naishi Kariakoo, hautakosekana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeupata. Ni foleni ya duka letu la ushirika.

Lori la bidhaa huja Alhamisi, lakini foleni huanza Jumatano jioni, tena bila watu. Kila mwanachama huweka kitu chake kando ya ukuta: jiwe, tofali, kopo lililotoboka, ndala moja. Jiwe la Sofia lina doa la rangi ya kijani. Watu huenda zao, na mawe hubaki yamesimama badala yao. Asubuhi Bi Badriya hukaa kwenye baraza yake, mkabala na duka, akawaita watu kwa mawe yao. Hakuna aliyemchagua. Duka lenyewe lilikuwa la marehemu mumewe, Mbaruk, kabla halijafungwa na kufanywa la ushirika; leo yeye ni mwanachama kama sisi, mwenye mguu wa kulia uliovimba na kidonda kisichopona, anayejikimu kwa kupika kashata na visheti.

Leo nimeandika kila nilichokiona. Sofia alikuwa mbele ya Bi Badriya, kwa kuwa jiwe lake lilitangulia. Bi Badriya alikuwa mbele ya Mrisho, mchukuzi wa sokoni mwenye mabega kama mlango, kwa kuwa yeye ni mzee. Na Mrisho alikuwa mbele ya Sofia, kwa kuwa ndiye anayeshusha magunia kutoka kwenye lori. Sasa, aliye mbele ya mtu yuko pia mbele ya wote walio nyuma ya mtu huyo; hakuna foleni bila hilo. Basi Sofia yuko mbele ya Badriya, Badriya mbele ya Mrisho, Mrisho mbele ya Sofia, na kwa hiyo Sofia yuko mbele ya Sofia. Nilisimama kwenye tope nikacheka peke yangu.

"Mwalimu, unacheka nini?" Sofia aliniuliza.

"Nimegundua kwamba hapa hakuna foleni. Haiwezekani iwepo."

"Basi ni harusi. Sogea, unakanyaga kopo la watu."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Uthibitisho umetimia kwa mistari sita.

Alhamisi, 13 Machi

Leo damu imemwagika. Bwana mmoja, mwanachama mgeni kutoka mtaa wa pili, alifika alfajiri, akatazama mawe yetu, akasema yeye hajawahi kupangwa nyuma ya kopo. Akayapiga teke moja moja mpaka mtaroni. Mrisho alipomkuta, hakumuuliza swali. Bwana yule ameshonwa nyuzi tano, Mrisho amelala kituoni, na mawe yaliyookolewa hakuna aliyejua yanafuatana vipi. Bi Badriya alipiga kelele kutoka barazani hadi sauti ikamkauka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, tena kwa raha, kama mtu aliyetabiri. Watu sabini na nne, wenye akili zao, wanategemea mawe na kumbukumbu ya mwanamke mmoja!

Ijumaa, 14 Machi

Ndugu Onesphory, mwenyekiti wa kamati ya duka, amekuja nyumbani akiwa amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi kwa mstari.

"Mwalimu, si wewe unayefundisha watu kufikiri?"

"Nafundisha mantiki, Ndugu Mwenyekiti."

"Ndiyo hiyo hiyo. Tuandikie utaratibu. Usiwe na mawe ndani yake. Mawe yanatutia aibu." Akanywa chai, kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo la pembeni: "Na yule bibi naye. Watu wanamsikiliza kama vile duka bado ni lake."

Nilisikia alichosema. Naandika hapa kwamba nilisikia.

Jumapili, 16 Machi

Nimemaliza. Kanuni ni nne. Karani wa duka atagawa namba saa kumi na mbili asubuhi kwa kila atakayefika mwenyewe. Mwenye namba atasimama kwenye mstari mpaka ahudumiwe; akitoka, namba yake imekufa. Kila namba itapata kilo mbili za sukari, kwa mpangilio, mpaka sukari iishe. Na kila mwanachama ambaye hatasimama mwenyewe kwa Alhamisi tatu mfululizo atafutwa daftarini. Hii ya nne niliiweka kwa ajili ya majina ya watu waliohama zamani ambao sukari yao bado inachukuliwa na watu tusiowajua.

Nimezipima kanuni hizi kwa kila namna ninayoijua. Hazipingani. Kwa idadi yoyote ya watu zinatoa mpangilio mmoja, na mmoja tu. Ni kitu safi. Sikumbuki lini niliandika kitu safi namna hii.

Jumatano, 19 Machi

Nimesoma makala. Nilichora ubaoni Sofia, Badriya na Mrisho kwa herufi, nikawapitisha wenzangu mstari kwa mstari mpaka kwenye mkinzano. Waliunakili kama inavyopasa. Kisha Theophil akanyoosha mkono.

"Bi Angelina, foleni hii ipo kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Na watu wanarudi nyumbani na sukari?"

"Kwa kawaida, ndiyo."

"Basi umethibitisha kwamba hawawezi kufanya kitu ambacho wanakifanya kila wiki."

Walicheka wote. Nilijibu kwamba jengo linaweza kusimama miaka kumi kabla ya kuanguka, na kwamba wiki iliyopita lilianguka. Ni jibu zuri. Lakini nimerudi kwa basi nikiwa nimeuma meno, kwa sababu aliuliza akiwa anatabasamu, kama mtu anayejua jambo ambalo hatalisema.

Alhamisi, 20 Machi

Kanuni zimesomwa hadharani, zikabandikwa mlangoni. Ndugu Onesphory alizisoma kama anayesoma hotuba. Mawe yaliyobaki Nassibu, karani wetu, aliyazoa kwa koleo.

Bi Badriya aliuliza kutoka barazani, "Na asiyeweza kusimama?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Nikasema kwamba mambo ya mtu mmoja mmoja yatatazamwa na kamati.

"Yameandikwa hayo?"

"Hayakuandikwa, Bi Badriya, ila..."

"Haya, nimeelewa," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Alhamisi, 27 Machi

Utaratibu unafanya kazi. Hakuna aliyesukumana. Bi Badriya alikuja na fimbo, akapata namba kumi na nne, akasimama hadi saa mbili, kisha akakaa kwenye ngazi. Lori lilifika saa nne. Nassibu alimwambia namba yake imekufa, kwani kanuni ya pili inasema kusimama, na hakuna mahali inaposema kukaa. Nilimwona Nassibu akisoma sentensi yangu kwa kidole, kwa uaminifu kamili, nikamsifu moyoni.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimesahihisha majaribio ya wanafunzi.

Alhamisi, 3 Aprili

Gunia lilikuwa moja. Hamsini wa kwanza walipata kilo mbili, waliobaki hawakupata kitu. Mimi nilikuwa namba ishirini na sita. Sofia alikuwa hamsini na tano. Alichelewa kwa sababu maji yaliingia chumbani kwake. Jioni alinipita uani bila kunisalimu. Baraza ya Bi Badriya ilikuwa tupu.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo Nassibu amechukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la Badriya binti Saif. Majina ya watu waliohama hayakuguswa hata moja. Kila Alhamisi kuna mtu wa kuja kusimama na kujibu kwa majina hayo, na Nassibu hana kanuni ya kumwuliza mtu yeye ni nani.

Nimesoma tena kanuni ya nne mara tatu pale pale mlangoni, mvua ikinidondokea shingoni. Imefanya kila ilichosema. Haikufanya hata kimoja nilichokusudia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwake baada ya sala ya mchana. Chumba chake kinanukia iliki. Chini kulikuwa na masanduku mawili ya bati, moja limeshafungwa kamba.

"Shikamoo, Bi Badriya."

"Marahaba. Umekuja kuhakikisha nimefutika?"

Nikasema nimekuja kuuliza. Alicheka kidogo, vibaya. "Sasa ndiyo unauliza."

Nikamweleza kuhusu Alhamisi ile ya tarehe sita, kuhusu Sofia na Mrisho na yeye mwenyewe. Nilitaka kujua alikuwa akifuata nini hasa: jiwe, umri, au kazi ya mtu? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza maji hutokea upande gani wa bomba.

"Nafuata gunia."

"Gunia?"

"Naangalia limeshuka gunia ngapi, mwanangu. Yakishuka mawili, kila mtu atapata, basi naita kwa mawe, nijisumbulie nini? Likishuka moja, namwambia Nassibu apime kilo badala ya mbili. Na kama hata kilo haitoshi, naanza na wale ambao wakikosa hawana pa kwenda. Mrisho anatangulia kwa sababu akichelewa sokoni siku yake imepotea. Wewe ulikaa na daftari lako ukaandika nani yuko mbele. Hukuniuliza nani atarudi na kikapu kitupu. Kwenye kuita kwangu hakurudi mtu na kikapu kitupu tangu mfungo wa mwaka juzi."

Nikasema la kijinga: kwamba alipaswa kulieleza hilo siku kanuni ziliposomwa.

"Kwa nani? Kwa Onesphory? Walipokuja kufunga duka la Mbaruk walikuja na karatasi vilevile. Nao walikuwa na adabu, kama wewe. Shikamoo mama, tia sahihi hapa mama." Akavuta kamba ya sanduku la pili. "Bila sukari sina kashata, bila kashata sina kodi ya chumba. Mwisho wa mwezi nakwenda Kilwa kwa shemeji yangu. Hanipendi, nami simpendi, lakini ana nyumba."

Nilimwuliza, kwa kuwa lazima niulize, kama kuita kwake kulikuwa na haki siku zote. Hakusita.

"Kuna mwanamke wa mtaa wa pili aliniita Mmanga, Mwarabu wa kuja, mbele za watu. Nikamweka mwisho mwezi mzima. Wala sijuti."

Kwa hiyo nisijidanganye kwamba nilivunja kitu kitakatifu. Nilivunja kitu chenye makosa yake ambacho kilikuwa kinalisha watu, nikaweka kisicho na kosa ambacho hakiwalishi. Nimeiandika sentensi hii, na sasa naona kwamba hata yenyewe imejipanga vizuri kupita kiasi. Mwanamke yule wa mtaa wa pili alikula nini mwezi ule?

Hata hivyo nina hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo. Niliwauliza swali lisilo lao, nikawahukumu kwa kushindwa kulijibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimemfuata Ndugu Onesphory nyumbani kwake. Mezani kulikuwa na bakuli la sukari limejaa, na sukari nyingine imemwagika kwenye kitambaa bila mtu kujali kuifuta.

"Bi Badriya ni mgonjwa," nikasema. "Mguu hausimami."

"Nasikitika sana."

"Basi arudishwe daftarini."

"Kwa kanuni ipi, Mwalimu?"

"Kwa ubinadamu, Ndugu Mwenyekiti."

"Hiyo ni ya ngapi? Mimi nimehesabu nne." Akatabasamu. "Kanuni ni zako. Mimi nazifuata tu. Ulisema mwenyewe kwamba uzuri wake ni huo, hazimtazami mtu usoni."

Ni kweli, nilisema. Nilitoka nikiwa nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa koti kama mtoto.

Jumatano, 16 Aprili

Mtaro umefurika. Nimefundisha kwa saa mbili bila kukumbuka nilichofundisha. Wanafunzi waliandika kila neno.

Jumapili, 20 Aprili

Mkutano wa wanachama umefanyika kwenye ua wa shule. Nilijiandaa siku nne. Nilijiambia kwamba kama njia yangu imemfunga Bi Badriya, njia yangu itamfungua.

Nilisimama nikasema: "Kanuni ya nne inasema kila mwanachama asiyesimama mwenyewe Alhamisi tatu mfululizo atafutwa. Ndugu Onesphory ni mwanachama. Ndugu Onesphory hajasimama kwenye foleni Alhamisi hata moja, na sukari yake tunaijua inakopitia. Hitimisho nawaachia wenyewe."

Kisha Sofia akapaza sauti, "Afutwe!" na ua mzima ukaangua kicheko. Kina mama walipiga vigelegele. Mrisho, ambaye alitolewa kwa dhamana wiki jana, alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Kwa muda huo mfupi niliamini kwamba hoja sahihi ni nguvu.

Ndugu Onesphory alingoja kicheko kiishe. "Ndugu wanachama," akasema, "tumshukuru Mwalimu. Ametuonyesha pengo. Kanuni haikuwafikiria viongozi wanaoshughulikia mambo ya duka huku wengine wakisimama. Napendekeza tuongeze maneno machache: isipokuwa wajumbe wa kamati na wale watakaoteuliwa na kamati."

Mawingu yalikuwa yameshatanda. Waliokaa karibu na meza ya kamati walinyoosha mikono kwanza, waliofuata wakatazamana, wengine walikuwa tayari wamejifunika khanga kichwani wakitaka kuwahi nyumbani. Ikapita. Nilipiga kelele kwamba basi kamati imteue Bi Badriya sasa hivi. "Kamati itaangalia," akasema, na mvua ikatuvunja.

Hoja yangu haikuwa na kosa hata katika hatua moja. Sasa kuna kanuni mbaya kuliko ile ya kwanza, na mlango wake nimeufungua mimi, kwa ufunguo wangu mwenyewe, watu wakinishangilia.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijala. Hasira inashibisha peke yake.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwambia Theophil yote. Nikamwambia alikuwa sahihi. Alikataa. "Nilijua kuna kitu kwenye foleni ile usichokiona," akasema, "lakini hata mimi sikukijua. Sikwenda kutazama. Niliuliza swali zuri nikaenda kunywa chai."

Hilo limenikasirisha kuliko kama angejisifu. Anayetaka tuanze kwa kutazama, hakutazama. Na kama angetazama, njia yake ingefanya nini kwa bwana yule aliyetupa mawe mtaroni? Ingemwelewa, labda. Kumwelewa kusingemwepusha na nyuzi tano.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika mchana huu, nguo zikiwa bado zimelowa, kabla sijaanza kuipanga siku ya leo ifanane na ninavyotaka.

Nilipata namba thelathini na moja. Mvua ilikuwa kubwa kuliko zote za masika haya. Lori lilifika saa tatu na nusu, turubai limechanika upande mmoja: sukari gunia moja, na magunia manane ya ule unga wa njano ambao watu wanauita unga wa Yanga. Dereva aliteremsha kioo akapiga honi. Nassibu akafungua dirisha la duka.

"Namba moja!"

Namba moja alikuwa Mrisho. Hakusogea. "Aliye mbele yangu bado," akasema.

"Mbele yako hakuna mtu. Wewe ndiye moja."

"Yupo. Bi Badriya."

"Hayumo daftarini."

"Mimi daftari silijui. Najua yuko mbele yangu."

Nassibu alikunja uso, akaita namba mbili. Alikuwa Sofia, amejifunika mfuko wa saruji kichwani. "Bi Badriya yuko mbele yangu. Na usinitazame hivyo Nassibu, mume wangu mwenyewe hanitazami hivyo."

Namba tatu akasema vilevile. Namba nne vilevile. Wengine walisema kwa sauti ya chini, wengine kwa kebehi, mzee mmoja aliyekuwa na kikohozi alisema mara mbili ili ieleweke. Dereva alitoa kichwa dirishani: "Jamani, shusheni! Sukari inalowa hii! Nani atanisainia maji?" Mrisho akamjibu kwamba magunia yatashuka watu wakishapangika.

Barazani Bi Badriya alikuwa amesimama, ameshika nguzo. "Nani kawatuma? Msinitie aibu mtaani!"

"Leo hukuulizwa, bibi yangu," Sofia akamjibu bila kugeuka. "Kaa, mguu huo."

Nilikuwa namba ya thelathini na moja na sikujua lolote. Hakuna aliyeniambia. Nilisimama pale nikiisikia sentensi inanijia, mtu baada ya mtu, na nilikuwa na hasira nayo. Kwa kanuni zangu, sentensi ile haikuwa kweli. Bi Badriya hakuwa na namba, hakuwa na jina, hakuwa mbele ya mtu yeyote. Na haikuwa uongo pia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa akinieleza jinsi mambo yalivyo. Walikuwa wanayafanya yawe.

"Thelathini na moja!"

"Bi Badriya yuko mbele yangu," nikasema. Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayesoma.

Ndugu Onesphory alifika na mwavuli Nassibu alipokuwa kwenye hamsini na kitu. Aliangalia lori, akaangalia turubai, akaangalia gunia la sukari lililokuwa limeanza kubadilika rangi pembeni. Nadhani alihesabu haraka nani atalieleza gunia hilo wilayani.

"Nani kaandaa mchezo huu?" Akanifikia mimi. "Ni wewe, Mwalimu?"

Nilitamani sana iwe ndiyo. "Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Mwenyekiti," Sofia akaita, "mwisho wa mstari kuna nafasi. Njoo usimame, mwavuli unao."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyesogea. Dereva akawasha injini. Ndugu Onesphory akasema, bila kumtazama yeyote, "Mwandike."

"Kwa kanuni ipi?" akauliza Nassibu.

"Mwandike tu, Nassibu!"

"Kuna safu ya sababu, Mwenyekiti. Lazima ijazwe."

"Andika makosa ya karani."

"Ya karani?" Sijawahi kumwona Nassibu amekasirika. "Mimi nimekosea wapi? Nimesoma kila neno!"

Nikatoka kwenye mstari. Kwa kanuni ya pili namba yangu ilikufa hapo hapo. Nikaenda dirishani nikamwambia, "Andika hivi: makosa ya aliyeandika kanuni. Kisha andika jina langu." Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri, akageuza daftari nihakikishe herufi. Mrisho alikuwa tayari amebeba gunia la kwanza.

"Nassibu!" Ilikuwa sauti ya barazani. "Sukari gunia ngapi?"

"Moja, na limelowa upande."

"Pima kilo."

"Kanuni ya tatu inasema mbili."

"Pima kilo," wakasema watu wengi kwa pamoja, na Nassibu akapima kilo.

Nilimwuliza Sofia tukirudi kwa nini hawakuniambia. Alikuwa anakamua khanga yake, hakuacha kukamua. "Tungekwambia, ungetuandikia."

Nimekaa nikaiandika asubuhi ya leo kwa alama, kwa ukaidi tu. Watu zaidi ya hamsini, kila mmoja akisema kwamba mtu yule yule yuko mbele yake. Haina mkinzano wowote. Ina wa kwanza, na wa kwanza anajulikana. Ni muundo rahisi kuliko yote niliyowahi kufundisha. Mwanafunzi wa wiki ya pili angeweza kuuchora. Watu wale waliupata bila chaki. Mimi niliyekuwa na chaki nilikuwa ninatafuta kosa lao.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Hakuna kitu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Badriya. Kamba za masanduku zimefunguliwa, lakini nguo bado zimo ndani. Alikuwa anakoroga shira ya visheti. Nikasema shikamoo. Hakuitika.

Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba nimeandika barua kwa kamati nikiomba kanuni zote nne zifutwe, pamoja na ile nyongeza. Nilimsomea. Ni barua nzuri. Nilipofika aya ya pili niliona kwamba naisoma kwa sababu ni nzuri, nikapunguza sauti.

"Na yule bwana wa mateke," akasema hatimaye, "akirudi Alhamisi, barua yako inamwambia nini?"

Nikafikiri. "Haimwambii kitu."

"Na mimi nikimweka tena mtu mwisho mwezi mzima?"

"Hapo pia haisemi."

"Basi haijaisha." Akainua mwiko, akatazama uzi wa shira unavyokatika, akaurudisha. Nilibaki nimesimama mlangoni na karatasi yangu, nikiwa na hasira bado, safari hii bila kujua hasa kwa nani, nikingoja aniambie niende au nibaki.

"Kaa basi," akasema. "Unanizibia mwanga, na shira haingojei mtu."

Nikakaa.